Lamborghini Espada

Lamborghini Espada ni gari la kifahari la milango miwili na viti vinne lililotengenezwa na kampuni ya Lamborghini ya Italia kuanzia mwaka 1968 hadi 1978. Ni gari la aina ya gran turismo, yaani gari lenye mwendo wa kasi lililokusudiwa kubeba watu na mizigo yao katika safari ndefu bila kuwachosha. Umbo lake lilichorwa na Marcello Gandini, mbunifu wa kampuni ya Bertone ya Torino. Injini yake ina silinda 12 na iko mbele.

Katika miaka hiyo 10 zilitengenezwa Espada zaidi ya 1,200. Hadi uzalishaji wake ulipokoma, hakuna gari lingine la Lamborghini lililokuwa limetengenezwa kwa idadi kubwa kama hiyo. Hata hivyo, baada ya hapo bei yake ilishuka na kubaki chini kwa miaka mingi. Baadhi ya magari yalivunjwa ili vipuri vyake viuzwe, na mengine yaliachwa yaoze na kutu. Yale yaliyobaki yameokolewa hasa na watu wanaoipenda Espada, ambao mara nyingi hutumia fedha nyingi kulitengeneza gari kuliko wanazoweza kupata wakiliuza.

Jina

Neno espada ni la Kihispania na maana yake ni upanga. Hutumika pia kwa upanga wa mpiganaji katika mchezo wa kupigana na mafahali nchini Hispania.

Mwanzilishi wa kampuni, Ferruccio Lamborghini, alizaliwa tarehe 28 Aprili 1916, na katika elimu ya nyota tarehe hiyo iko chini ya nyota ya Ng'ombe. Alichagua fahali kuwa nembo ya kampuni yake, na magari yake mengi yalipewa majina yanayohusiana na mafahali. Miura ni jina la familia ya wafugaji wa mafahali wa Hispania. Islero ni jina la fahali aliyemuua mpiganaji mashuhuri Manolete mwaka 1947. Espada inafuata desturi hiyo, ila yenyewe imechukua jina la silaha badala ya jina la mnyama.

Maana ya gran turismo

Kwa Kiitalia gran turismo ni "safari kubwa". Jina hilo, ambalo hufupishwa kuwa GT, hutumika kwa magari yaliyo kati ya gari la mashindano na gari la kawaida la familia. Gari la mashindano huwa jepesi na la kasi, lakini lina kelele na joto, na halina mahali pa mizigo. Gari la familia lina nafasi, lakini kwa kawaida halina kasi kubwa. Gran turismo inajaribu kuunganisha sifa za magari yote mawili.

Gran turismo nyingi zina viti viwili tu. Nyingine zina viti viwili kamili mbele na viwili vidogo nyuma. Viti hivyo vya nyuma huwafaa watoto, au hutumika kuwekea mizigo. Kutengeneza gari la namna hii lenye viti vinne vya watu wazima ni kazi ngumu kwa sababu nafasi ya kichwa na magoti ya abiria wa nyuma hulazimisha paa liwe juu na gari liwe refu, na hapo umbo la gari la kasi hupotea kwa urahisi.

Kampuni kadhaa za Italia zilijaribu kutatua tatizo hilo. Ferrari ilitengeneza 250 GTE kuanzia mwaka 1960, na baadaye 365 GT 2+2. Maserati ilitoa Indy mwaka 1969. Espada ni jibu la Lamborghini, na kati ya magari hayo ndiyo iliyojitenga zaidi na sura iliyozoeleka.

Historia

Mwanzo wa kampuni

Ferruccio Lamborghini alianza kutengeneza matrekta baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akatajirika kwa biashara hiyo. Mwaka 1963 alianzisha kampuni ya magari huko Sant'Agata Bolognese, mji mdogo karibu na Bologna na Modena. Gari la kwanza kuuzwa lilikuwa 350 GT, likafuatiwa na 400 GT.

Mwaka 1966 kampuni ilitoa Miura, gari la viti viwili lenye injini ya silinda 12 nyuma ya viti. Miura iliifanya Lamborghini ijulikane duniani kote. Lakini halikuwa gari la safari ya familia: nafasi ya mizigo ilikuwa ndogo, na injini ilikuwa karibu sana na migongo ya abiria. Kampuni ilihitaji pia gari ambalo mteja mwenye mke na watoto angeweza kusafiri nalo.

Marzal

Machi 1967, katika maonyesho ya magari ya Geneva nchini Uswisi, Bertone ilionyesha gari la majaribio lililoitwa Marzal. Lilikuwa na viti vinne na injini ya silinda 6 nyuma, ambayo kwa kweli ilikuwa nusu ya injini ya Lamborghini ya silinda 12. Milango yake miwili ilifunguka kwa kuinuka juu kama mabawa, nayo ilikuwa ya kioo tangu juu hadi chini.

Mwaka huohuo mfalme mdogo wa Monaco, Rainier III, aliendesha Marzal katika barabara za mashindano ya Monaco akiwa na mkewe Grace kabla ya mbio kuanza. Picha za tukio hilo zililifanya gari liwe maarufu, ingawa lilitengenezwa moja tu.

Ferruccio Lamborghini hakutaka kuliuza gari hilo lilivyokuwa. Inasimuliwa kwamba hakupenda milango ya kioo kwa sababu ingeonyesha miguu ya abiria kwa kila mpita njia. Milango ya kuinuka nayo ilionekana kuwa na matatizo kwa matumizi ya kila siku. Gandini akachora upya. Alibakiza wazo la viti vinne chini ya paa refu lililo karibu bapa, akaweka milango ya kawaida na kurudisha injini mbele. Baadhi ya mistari ya gari jipya ilionekana pia katika Pirana, gari la majaribio ambalo Bertone ililionyesha London mwaka 1967 kwa kutumia mitambo ya Jaguar.

Uzalishaji

Espada ilizinduliwa Geneva Machi 1968. Bodi zake zilitengenezwa na Bertone huko Grugliasco, karibu na Torino. Kisha zilisafirishwa zaidi ya kilomita 250 hadi Sant'Agata Bolognese, ambako mafundi wa Lamborghini walifunga injini na mitambo mingine. Kazi nyingi ilifanywa kwa mikono. Kwa sababu hiyo Espada mbili za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana katika mambo madogo, jambo linalowasumbua mafundi wa leo wanapotafuta kipuri kinacholingana.

Mwaka 1972 Ferruccio aliuza sehemu kubwa ya hisa za kampuni kwa mfanyabiashara wa Uswisi Georges-Henri Rossetti. Mwaka 1974 hisa zilizobaki zilinunuliwa na René Leimer. Wakati huo bei ya mafuta ilikuwa imepanda sana kufuatia mgogoro wa mwaka 1973, na wanunuzi wa magari ya silinda 12 walipungua. Mwaka 1978 kampuni ilifilisika ikawekwa chini ya usimamizi wa mahakama, na mwaka huohuo uzalishaji wa Espada ukakoma. Tangu hapo Lamborghini haijauza gran turismo nyingine ya viti vinne kamili.

Umbo

Espada ina urefu wa karibu mita 4.7 na upana wa karibu mita 1.9, lakini kimo chake hakifiki mita 1.2. Mtu mzima wa kimo cha kawaida akisimama kando yake huliona paa lote kwa juu. Boneti ni pana na karibu bapa, na ina matundu mawili ya kuingizia hewa.

Paa halishuki mapema kama katika magari mengi ya kasi. Linaendelea kwa mstari mrefu hadi karibu na mwisho wa gari, kisha linakatika ghafla. Ndiyo sababu abiria wa nyuma wana nafasi ya vichwa. Kioo cha nyuma kimelala sana, na dereva anayerudi nyuma asingeona vizuri kupitia kioo hicho peke yake. Gandini aliongeza kioo kingine kilichosimama wima kati ya taa za nyuma, ili dereva aone kilicho karibu na bampa. Kioo hicho cha pili ni moja ya alama zinazoitambulisha Espada kwa urahisi.

Ndani kuna viti vinne vilivyotenganishwa, vilivyofunikwa kwa ngozi. Kati ya viti hupita mgongo mpana unaofunika giaboksi na shafti ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Dashibodi ya toleo la kwanza ilikuwa na umbo la pembe nyingi lililotokana na Marzal. Katika matoleo yaliyofuata ilibadilishwa ikawa ya kawaida zaidi.

Si kila mtu aliyelipenda umbo hilo. Wapo waliosema gari ni pana mno na pua yake ni ndefu mno. Hata leo watu wengi wanaoiona Espada kwa mara ya kwanza hawana hakika kama ni nzuri au la. Mashabiki wake wengi hukubali kwamba uzuri wake hauonekani katika picha moja, na kwamba inafaa kutazamwa kutoka pande zote, hasa ikiwa inatembea.

Injini na mitambo

Injini ya Espada inatokana na ile iliyobuniwa na Giotto Bizzarrini kwa ajili ya magari ya kwanza ya Lamborghini, kisha ikaboreshwa na wahandisi Gian Paolo Dallara na Paolo Stanzani. Ina silinda 12 zilizopangwa katika safu mbili zenye umbo la herufi V, na ujazo wa sentimita za ujazo 3,929. Ni ya ukoo mmoja na injini ya Miura. Tofauti kubwa ni kwamba katika Miura injini imelazwa kwa upana nyuma ya viti, ilhali katika Espada imewekwa mbele kwa urefu wa gari.

Petroli huingia kupitia kabureta 6 za Weber. Kila kabureta ina njia mbili, kwa hiyo kila silinda ina njia yake. Kabureta hizo zimewekwa ubavuni badala ya kusimamishwa juu ya injini, jambo lililowezesha boneti kuwa chini.

Toleo la kwanza lilikuwa na nguvu farasi 325. Matoleo yaliyofuata yalifikia 350. Kasi ya juu ilikuwa karibu kilomita 245 kwa saa. Mwaka 1968 hiyo ilikuwa kasi kubwa sana kwa gari linalobeba watu wazima wanne. Giaboksi ya kawaida ilikuwa ya mkono yenye gia 5. Kuanzia mwaka 1974 mteja aliweza pia kuagiza giaboksi ya kujiendesha yenye gia 3 kutoka Chrysler ya Marekani. Magurudumu yote manne yana breki za diski, na kila gurudumu lina springi na shokomzoba zake bila kuunganishwa kwa ekseli nzima.

Matoleo

Espada ilitengenezwa kwa matoleo matatu. Idadi zinazotajwa mara nyingi ni hizi, ingawa hesabu hutofautiana kidogo kati ya vitabu.

- Toleo la I (1968–1970): magari 186. Lina dashibodi ya pembe nyingi na nguvu farasi 325.
- Toleo la II (1970–1972): magari 575. Lilipata dashibodi mpya, injini ya nguvu farasi 350 na breki zilizoboreshwa.
- Toleo la III (1972–1978): magari 456. Dashibodi, rimu na taa za nyuma zilibadilishwa tena. Magari ya mwisho yaliyopelekwa Marekani yalifungwa bampa kubwa kutokana na sheria za usalama za nchi hiyo.

Wapenzi wa Espada hawakubaliani ni toleo lipi lililo bora. Wanaothamini ubunifu hupendelea la kwanza kwa sababu liko karibu zaidi na Marzal. Wanaotaka kuliendesha gari mara kwa mara hupendelea la pili au la tatu, ambayo yana nguvu zaidi na ni rahisi zaidi kuyatumia.

Kushuka kwa thamani

Gari la kifahari linapozeeka hupita katika kipindi kigumu. Mnunuzi wa kwanza alikuwa tajiri na aliweza kulipia matengenezo. Mnunuzi wa tatu au wa nne hulinunua kwa sababu limekuwa rahisi, lakini gharama ya kulitunza haijashuka pamoja na bei yake. Espada ilipita katika kipindi hicho kwa muda mrefu kuliko magari mengi ya rika lake.

Sababu kuu ilikuwa viti vinne. Wakusanyaji wa magari kwa kawaida hutafuta gari la viti viwili, kwa kuwa ndilo lililo karibu na gari la mashindano. Miura, iliyotengenezwa kwa idadi isiyofika 800, imekuwa ikiuzwa minadani kwa zaidi ya dola milioni moja. Espada hupatikana kwa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho.

Tatizo ni kwamba injini ya silinda 12 haijui imefungwa katika gari gani. Kuifungua, kubadilisha valvu, cheni na beringi zake na kuifunga tena hudai saa zilezile za fundi, iwe imetoka katika Miura au katika Espada. Hali ni hiyohiyo kwa kupiga rangi, kushona ngozi na kurekebisha breki. Isitoshe, Espada ina bodi kubwa zaidi na viti vingi zaidi. Mtu aliyefufua Miura angeweza kurudishiwa fedha zake siku ya kuiuza. Aliyefufua Espada mara nyingi alijua tangu mwanzo kwamba hatarudishiwa.

Kwa hesabu hiyo Espada iliyoharibika ilikuwa na thamani kubwa zaidi ikivunjwa kuliko ikiwa nzima. Injini, giaboksi na vipuri vingine viliuzwa ili kutengeneza magari mengine ya Lamborghini, na bodi ikatupwa. Jambo kama hilo lilitokea pia kwa Ferrari 250 GTE: nyingi zilivunjwa ili mitambo yake itumike kutengeneza nakala za 250 GTO, gari la mashindano lenye bei kubwa sana. Katika visa vyote viwili gari la familia lilitolewa kafara kwa ajili ya gari la viti viwili.

Utunzaji

Anayemiliki Espada hukutana na kazi ambazo magari ya kisasa yameziondoa.

Kazi ya kwanza ni kabureta. Njia 12 za hewa na petroli lazima zifunguke kwa kiasi kimoja na kwa wakati mmoja. Moja ikitofautiana, injini hutetemeka, hula petroli zaidi au hukosa nguvu. Fundi hupima mvuto wa hewa katika kila njia, hurekebisha skrubu ndogo, kisha hurudia kupima mpaka zote zilingane. Mafundi wenye uzoefu husikiliza pia mlio wa hewa inapoingia. Ujuzi huo hauwezi kupatikana kwa kompyuta, na wanaoujua wanaendelea kuzeeka.

Kazi ya pili ni kutu. Bodi ni ya chuma, na katika miaka ya 1960 na 1970 kinga dhidi ya kutu ilikuwa dhaifu. Maji hukaa sehemu za chini za milango, kwenye sakafu na kuzunguka magurudumu. Mara nyingi rangi huonekana nzuri kwa nje wakati chuma kimeliwa kwa ndani. Ndiyo sababu wanunuzi wenye uzoefu hushauriwa kukagua bodi kwa makini kuliko injini: injini ikifa inaweza kufunguliwa na kutengenezwa, lakini bodi iliyooza hudai chuma kipya kikunjwe kwa mkono.

Kazi ya tatu ni joto. Injini kubwa chini ya boneti iliyo chini sana hutoa joto jingi, hasa katika foleni za mjini. Rejeta, feni na mipira ya maji vinapaswa kuwa katika hali nzuri. Mipira ya petroli nayo hukauka na kupasuka kadiri miaka inavyopita. Petroli inayovuja juu ya injini ya moto imeunguza magari mengi ya kale yenye kabureta, hivyo kubadilisha mipira hiyo ni jambo la kwanza ambalo mmiliki mpya anapaswa kulifanya.

Kazi ya nne ni vipuri. Baadhi ya sehemu hupatikana kwa sababu zilitumiwa pia katika magari mengine ya Italia ya wakati huo. Nyingine, kama vioo vikubwa na mapambo ya bodi, zilitengenezwa kwa Espada peke yake. Kioo kikivunjika gari linaweza kukaa karakanani kwa miezi mingi likisubiri kingine kitafutwe au kitengenezwe upya.

Sababu za mapenzi ya mashabiki

Kwa kuwa faida ya fedha ni ndogo, mapenzi ya mashabiki wa Espada yana sababu nyingine.

Ya kwanza ni viti vinne vyenyewe. Kile kilichoshusha bei ya gari ndicho kinachopendwa na walio nalo. Mmiliki wa gari la viti viwili husafiri peke yake au na mwenzake mmoja. Mmiliki wa Espada anaweza kuwachukua mke au mume na watoto wawili, au marafiki watatu, na wote wakasikia injini ileile ya silinda 12. Gari hivyo huingia katika kumbukumbu za familia. Mtoto aliyepandishwa kiti cha nyuma anaweza kuwa ndiye mtu mzima atakayelitunza baadaye.

Ya pili ni ujasiri wa umbo. Espada haifanani na gari lililoitangulia wala lililoifuata. Gandini, aliyezaliwa mwaka 1938, alikuwa hajafikisha miaka 30 ilipozinduliwa. Alikuwa amekwisha kuchora Miura, na baadaye alichora Countach na Lancia Stratos. Wapo wanaoiona Espada kuwa kazi ngumu kuliko hizo zote, kwa sababu hapo alilazimika kufikiria abiria wanne na mizigo yao.

Ya tatu ni kwamba gari lenyewe linamdai mwenyewe alijue. Klachi ni nzito na injini hupenda kupashwa moto taratibu kabla ya kukimbizwa. Mmiliki hujifunza milio, harufu na joto la kawaida la gari lake ili atambue mapema linapobadilika. Wamiliki wengi huishia kujifunza kazi kadhaa za ufundi wao wenyewe, na kushirikiana na wenzao katika kutafuta vipuri na mafundi.

Ya nne ni hisia ya kuokoa kitu kilichodharauliwa. Miura itatunzwa na mtu yeyote mwenye fedha, kwa kuwa bei yake inailinda. Espada hailindwi na bei. Kila iliyopo barabarani leo ipo kwa sababu kuna wakati mtu alikataa kuivunja ingawa hesabu ilimwambia aivunje.

Mijadala kati ya mashabiki

Mashabiki hawakubaliani kuhusu namna bora ya kulitunza gari.

Wapo wanaotaka kila kitu kibaki kama kilivyotoka kiwandani, pamoja na rangi, ngozi na mfumo wa umeme. Kwao gari ni ushahidi wa historia, na badiliko moja huondoa sehemu ya ushahidi huo. Wengine hukubali mabadiliko yasiyoonekana, kama feni zenye nguvu zaidi au mfumo wa kisasa wa kuwasha injini, ilimradi yaweze kuondolewa baadaye. Hoja yao ni kwamba gari linaloharibika kila safari huishia kufungiwa bandani, na gari lisilotembea huharibika zaidi kwa kuwa mihuri ya mpira hukauka na breki hugandana.

Mjadala mwingine ni kama inafaa kuvunja Espada moja mbovu ili kuokoa nyingine mbili. Baadhi huona kwamba vipuri haviwezi kupatikana kwa njia nyingine. Wengine hujibu kwamba gari lililoonekana kuwa limekufa jana linaweza kufufuliwa kesho, hasa bei ikipanda. Kwa gari lililotengenezwa kwa idadi ndogo, uamuzi wa namna hiyo haurudishwi nyuma.

Urithi

Mwaka 1978 mbunifu Pietro Frua alionyesha huko Torino gari moja la milango minne lililoitwa Faena, alilolitengeneza kwa kurefusha Espada. Halikuingia katika uzalishaji.

Mwaka 2015 Lamborghini, ambayo tangu 1998 inamilikiwa na Audi ya Ujerumani, ilianzisha idara ya Polo Storico kwa ajili ya magari yake ya kale. Idara hiyo hutunza kumbukumbu za kiwanda, hufufua magari, hutengeneza upya baadhi ya vipuri na kutoa vyeti vya kuthibitisha kwamba gari lina sehemu zake za asili. Kwa wamiliki wa Espada hatua hiyo ilikuwa muhimu, kwani huduma waliyokuwa wakiitafuta kwa watu binafsi sasa ilitambuliwa na kiwanda chenyewe.

Mwaka 2018 kampuni iliadhimisha miaka 50 ya Espada. Mwaka huohuo Marzal ilirudi katika barabara za Monaco, ikiendeshwa na Albert II, mwana wa Rainier na Grace. Marcello Gandini alifariki tarehe 13 Machi 2024 akiwa na umri wa miaka 85.

Katika miaka ya karibuni bei ya Espada imepanda kuliko ilivyokuwa mwishoni mwa karne ya 20, ingawa bado iko mbali na ya Miura. Ongezeko hilo limepunguza sababu ya kuyavunja magari yaliyobaki. Limeleta pia wasiwasi kwamba Espada zitanunuliwa na watu wanaotafuta faida na kufungiwa ghalani, wakati gari lenyewe lilibuniwa ili watu wanne wasafiri pamoja.